Mwendo wa Kutua

Pembeni ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nje ya duka la vitenge, kuna benchi la wanywa kahawa ambao hawajapata kushindwa na mada. Asubuhi hiyo mada ilikuwa ndege, na Bushiri alikuwa amefura. Siku nne nyuma alipiga simu kutoka Mwanza kwamba anapanda ndege, anakuja kumzika baba yake. Ndege ilipokaribia kutua Dar ikapaa tena, ikazunguka dakika ishirini. Alipofika makaburini alikuta udongo umeshasawazishwa.

— Rubani anatutangazia eti mwendo ulizidi kidogo, alisema. Kidogo! Kwa kidogo hicho nimekosa kumzika baba.

— Wana kipimo chao, alisema Filbert, fundi wa kutengeneza pasi, ambaye benchi zima linamwita Injinia. Kuna mwendo waliopanga wa kushukia. Ukizidi kumi kwenye mita yao ya mwendo, au ukipungua tano, hairuhusiwi kutua. Unapaa, unajipanga upya.

— Kumi tu? Si angekanyaga breki?

— Hewani, breki ataikanyagia wapi?

— Haya, mtetee.

Uledi alidakia. Huyu wanamwita Kamati, maana hakuna msiba wa mtaa asioushika yeye, hadi kupanga saa ya kuzika, na wa baba yake Bushiri aliushika vilevile.

— Uongo mtupu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Angeshuka tu, tupone. Yule alikuwa anapiga picha bahari.

— Kamati, ukishuka na mwendo mkubwa unaishiwa uwanja, unaingia Kipawa kwenye nyumba za watu.

— Nani kakwambia? Wanajifunzia kwetu hao. Ndege nzima ni darasa, abiria hamjui.

— Nitamtafuta, alisema Bushiri. Wallahi nitamtafuta nimuulize, baba yake yeye alizikwa na nani.

Badria, aliyeanza kazi juzi katika duka la vitenge, alitoka kumpa pole.

— Shikamooni. Pole sana, kaka Bushiri.

Akasimama kidogo, akiwaza.

— Kwa hiyo wangekungoja dakika ishirini, ungewahi. Nani alisema wasikungoje?

Injinia alichungulia kikombe chake. Bushiri alimgeukia Uledi taratibu. Siku nne zote alikuwa akimchukia mtu asiyemjua hata jina.

Uledi alinyanyuka, akasema anawahi swala. Ilikuwa saa nne asubuhi.