Athanas Ngusa, Mtu wa Divai Kavu (1962–2025)

Marehemu Athanas Ngusa alizaliwa Tinde, Shinyanga, tarehe 14 Mei 1962, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Tangu utotoni alichagua chakula. Mama yetu alisema mtoto huyu alikuwa anakwenda kuzaliwa ikulu, akapotea njia.

Alisoma hapohapo Tinde hadi darasa la saba, mwaka 1977. Walimu walimsifu kwa hesabu. Wenzake hawakumsifu kwa lolote, maana aliwasahihisha hata mpirani.

Alifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, kisha mwaka 2009 akawa mtunza stoo wa jiko la kambi katika mgodi mmoja upande wa Kahama. Huko mpishi Mfaransa alimfundisha kunywa Muscadet, divai nyeupe kavu isiyo na utamu hata kidogo. Marehemu aliishika divai hiyo kuliko ubatizo wake. Alihubiri kwamba inakwenda na sato, dagaa wa kukaanga au kuku wa ndimu, na kwamba ukiinywa na kitu kitamu inageuka siki mdomoni. Wanywaji wa soda aliwatazama kama wagonjwa. Sisi dada zake tuliionja mara moja, ikatutosha.

Alifunga ndoa na Euphrasia mjini Kahama tarehe 20 Oktoba 1990, wakajaliwa binti mmoja, Ritha. Euphrasia alimpenda mumewe na kuidharau divai yake waziwazi. Chupa alizihifadhi chini ya sinki, pamoja na dawa ya mende.

Julai 2022 walifika wageni kutoka Runzewe, wakiongozwa na Mzee Ignas, kumposa Ritha kwa ajili ya kijana wao Stanslaus. Sato walioagizwa Chato hawakufika, gari liliharibika njiani. Euphrasia akaandaa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akamsihi mumewe aiache divai siku hiyo. Marehemu akasema wageni wa maana hawapewi chai, akamimina. Mzee Ignas alitafuna matobolwa, akanywa, akaweka glasi chini. Kwa wazee wale, mwenyeji anayekupa pombe iliyochacha anakuonyesha mlango.

"Baba Ritha," alisema, "kama kijana wetu humtaki, ungesema tu."

Marehemu alijibu kwamba mtu asiyejua kinywaji hawezi kujua thamani ya binti. Wageni wakaondoka. Mwaka uliofuata Ritha na Stanslaus walifunga ndoa Runzewe bila yeye. Kila Euphrasia aliposihi, alisema haombi radhi kwa washamba. Mjukuu alipozaliwa, Euphrasia alikwenda peke yake, akarudi na picha. Marehemu akasema picha ina giza.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2025. Mzee Ignas, ambaye hakuna mtu angemlaumu kama asingekuja, alikuja kumjulia hali akiwa na sato wawili. Euphrasia akawakaanga, akakamulia ndimu. Marehemu alikuwa amekatazwa pombe, lakini aliagiza mgeni amiminiwe. Mzee Ignas akala, akanywa, akafikiri.

"Kwa samaki inanyweka," alisema. "Siku ile ulitupa na viazi."

Marehemu akageukia ukutani, hata kwaheri hakuitikia. Alifariki hospitalini Mwanza alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2025.

Lakini mgeni alipokwisha kuondoka siku ile ya sato, Marehemu alimwambia mkewe jambo ambalo kiburi kilimzuia kulisema mbele ya mwanamume mwenzake. Euphrasia amekataa lizikwe naye. Ameagiza lisomwe hapa, Mzee Ignas akiwa amesimama nasi:

"Mama Ritha, nilijua tangu siku ile kwamba viazi vimeiharibu. Kosa lilikuwa langu, si la Ignas."

Ameacha mjane, Euphrasia, binti, Ritha, mkwe, Stanslaus, dada wawili, na mjukuu mmoja, Limi, ambaye hakuwahi kumbeba.

Mungu amsamehe, ampe pumziko.