Kiwanda cha Ulimi Mmoja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wenye Viwanda Vidogo, uliyekuja na kamati yako nzima. Ndugu mnunuzi wa kiwanda hiki, ambaye kuanzia kesho nitabisha hodi kwako ili niingie mahali nilipojenga kwa mikono hii. Waheshimiwa wakurugenzi na mameneja mlioalikwa. Ndugu yangu dobi, uliyekuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani lakini umekuja. Mke wangu na wanangu. Na nyinyi wafanyakazi wangu thelathini na mmoja, mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa. Habari za mchana.

Mwenyekiti alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Akaniambia, "Mzee, siku ya kukuaga tungependa uwaachie wenzako maneno ya uongozi. Namna ya kugawa kazi, namna ya kuishi na watu kazini." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mke wangu akaja mbio kutoka jikoni akidhani napaliwa. Nikamwambia, wanataka niwafundishe kugawa kazi. Naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe halikuniona sana. Hotuba hii nimeiandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa. Binti yangu alitaka kuinyoosha nikamkatalia. Kwa hiyo pakikwama, mnivumilie.

Lakini sabuni naijua. Hapo sitajishusha hata leo, na anayekasirika akasirike. Nilianza na pipa moja la bati nyuma ya nyumba ya kupanga, nikafika tangi la lita elfu mbili. Sabuni yangu imeosha mashuka ya hospitali, imeosha nguo za maharusi, imeosha wafu. Walikuja wataalamu na vichupa vyao na karatasi za kubadilika rangi, wakapima, wakaandika, nami nikachovya kidole, nikaonja, nikawapa jibu kabla hawajafunga mikoba. Tulilingana! Mmoja akaniuliza, "Mzee, ulimi huu umeukatia bima?" Maneno hayo niliyasimulia miaka kumi.

Kwa asiyejua: sabuni hupikwa kwa mafuta na kostiki. Kostiki ikiwa bado haijashikana na mafuta, ukiigusa kwa ncha ya ulimi inakuchoma kama cheche. Ikishaiva, inatulia. Hapo ndipo unasema "mimina", inamwagwa kwenye fremu, inaganda, inakatwa miche. Neno hilo moja, "mimina", ndilo kiwanda chote. Na kwa miaka thelathini na minane hapa ndani hakuna aliyelisema isipokuwa mimi.

Waheshimiwa, msifikiri sikuwahi kugawa kazi. Niligawa sana! Huyu kuni, yule mafuta, hawa kukata, wale kufunga. Niliajiri hata meneja mwenye vyeti, nikamnunulia kiti cha kuzunguka. Akiagiza mafuta, naagiza mengine. Akimpa mtu ruhusa, namrudisha getini. Mwezi wake wa tatu akaja kuniaga. Nikamuuliza, "Kwani kiti kina ubaya gani?" Akasema, "Kiti kizuri, Mzee. Ila kila nikitaka kukaa nakukuta umo." Nikamwambia apite salama na afunge mlango.

Na yupo mama mmoja. Mnamwona pale karibu na mlango, mwenye kitenge cha kijani, anayeangalia chini. Tunamwita Mama Mwiko, kwa sababu miaka ishirini na miwili ndiye aliyekoroga tangi. Huyu alikuwa akisikia sabuni kwenye mkono. Mwiko ukianza kuwa mzito kwa namna fulani anageuka kunitazama, nami naja, naonja, nasema "mimina". Kila mara. Sasa niulizeni: nani aliyekuwa anajua kwanza? Nilikuwa naliona hilo. Si kwamba sikuliona. Nililiona na likaniudhi.

Siku moja alithubutu kusema, "Mzee, ukiwa na safari mimi naweza kuangalia." Nikamjibu mbele ya watu wote, "Wewe koroga, mama. Ulimi wa kiwanda hiki ni mmoja." Watu wakacheka. Na yeye akacheka, maana bosi akitania utafanya nini?

Mwaka juzi nikaanguka. Hapo hapo kazini, kwenye jukwaa la juu ya tangi. Wakanibeba kwenye kile kiti cha meneja, angalau kikapata kazi, na nikiwa natolewa getini, mdomo umeenda upande, nikawaambia, "Asiguse mtu mpaka nirudi." Ndilo neno la mwisho walilolisikia kwangu kwa wiki saba.

Na kweli hawakugusa. Walizima moto ili pasiungue, kisha wakakaa. Mama Mwiko alikuja hospitalini, nesi akamwambia nimelala. Hakuwa na wa kumuuliza. Sabuni iliyokuwa imebakiza nusu saa iive ikapoa, ikagandia ndani ya tangi, lita elfu mbili, ngumu kama sakafu hii. Niliporudi nikakuta vijana, kwa kusikia natoka hospitali, wameshuka ndani na sururu, wanaivunja vipande, kazi yao ya siku ya nne.

Mnajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nisikilizeni vizuri, nyinyi wenye makampuni, maana hili sikulikiri hata kwa mke wangu. Nilisimama na mkongojo wangu nikaona mali yangu inapigwa sururu, na moyo wangu ukawa mtamu. Nikawaambia, "Mmeona? Bila mimi hapa hakuna kitu!" Watu waliokuwa wamenitii, nikawadharau kwa kunitii.

Ugonjwa uliacha mguu mzito, hilo kila mtu aliliona. Kitu kingine ulichochukua alikijua mke wangu peke yake. Asubuhi moja akaniangalia nikimaliza chai, akasema, "Baba Fundi, hiyo chai nimekosea, nimetia chumvi badala ya sukari." Nikamwambia nimeonja nikanyamaza kwa adabu. Akasema, "Tangu lini una adabu ya chai?" Nikamkataza asimwambie mtu.

Nikarudi kwenye tangi na ulimi uliokufa.

Tangi la kwanza bahati, la pili bahati. La tatu nikaonja, nikasema "mimina". Mwiko haukusimama. Mama Mwiko akasema polepole ili wengine wasisikie, "Mzee, bado inauma."

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Nani kakutuma?"

Akasema tena, "Baba, nakuomba. Nusu saa tu." Alikuwa ananisitiri, waheshimiwa. Alikuwa ananiachia njia ya kupita. Nami nikapaza sauti kiwanda kizima kisikie, "Anayetaka kupika akapike kwake. Mimina!"

Wakamimina. Ikakatwa, ikafungwa, ikaenda.

Wa kwanza kurudi alikuwa huyu ndugu yangu dobi. Hakunitukana. Alikaa kwenye benchi pale nje, mikono imefungwa vitambaa mpaka kwenye viwiko, akasema, "Fundi, nilidhani ni maji." Miaka thelathini ananunua kwangu, akaona bora ayalaumu maji. Ndugu, nakuomba radhi mbele ya watu hawa, na najua vidole viwili bado havikunji. Wengine walirudi na watoto waliobabuka ngozi. Baada ya hapo hawakurudi kabisa. Maduka yakashusha miche yangu, nami mwaka mzima nikapika sabuni ya kujaza stoo.

Nilidhani hotuba ingeishia hapo, na karatasi yangu imeishia hapo. Lakini leo asubuhi limetokea jambo, na nisipolisema nitakuwa nimewadanganya.

Ndugu mnunuzi alinifuata ofisini kabla hamjafika. Akaniuliza kwa heshima, "Mzee, kabla sijaamua kugeuza jengo liwe ghala, katika watu wako yupo anayeweza kuendesha tangi hili bila wewe?" Swali jepesi hilo. Mtu mzima, nimeshaumbuka, nimeshapoteza kila kitu, sina cha kulinda tena. Nikafungua mdomo nikasema, "Hakuna."

Likatoka lenyewe. Kwa mazoea, kama mtu anavyojikuna. Akashukuru, akatoka nje kutia saini na watu wa ghala, kisha nikamsikia akiliita kwa simu lori la vyuma chakavu lije kesho lichukue tangi.

Ndugu mnunuzi, nilisema uongo. Yupo. Na nyuma yake wapo wengine watatu aliowafundisha kimyakimya mimi nikiwa nimelala mchana. Najua umeshaweka saini kwa watu wa ghala, naona unavyotikisa kichwa, sikulaumu. Ulimuuliza mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda akakujibu.

Mama Mwiko, njoo useme wewe. Njoo, mama. Kipaza sauti hiki hapa.

Anakataa.

Haya. Sitasema mara ya pili, nikisema mara ya pili itakuwa amri. Miaka ishirini na miwili nimemwambia anyamaze. Leo, baada ya kumuuza, namwambia aseme mbele ya wageni. Kwa nini anitii?

Mwenyekiti, uliniomba maneno ya kugawa kazi. Sina. Ninayo haya tu: wenye viwanda mlioko hapa, mkihitaji mtu wa kukoroga au kukata au kufunga, hawa thelathini na mmoja kesho hawana kazi. Waulizeni wenyewe wanachojua. Msiniulize mimi.

Nawashukuru mliokuja, mliokaa na mliosimama. Mmenisikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu. Nashuka sasa. Kipaza sauti nakiacha hapa mezani, kinawaka, na wala sitageuka kuangalia kama kuna anayekuja.