Kwa Nini Nyundo Alitoka Barafuni

Mbele ya uwanja wa barafu wa mji wa Brezno, ubavuni mwa dirisha ambalo Bi Božena anauzia kahawa, lipo benchi ambalo halijapata kupoa tangu lipigiliwe pale. Hata mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imejikunyata pembeni mwa ukuta kama mgeni asiyejua kuaga, wenyewe wapo. Ni wastaafu watatu: Ludo, aliyebatizwa Betri kwa kuwa akianza kusema haishi chaji, Imrich, aitwaye Supu, maana hata kahawa huivuta kwa kelele, na Vendelín, ambaye wenzake humwita Kamusi kwa ugonjwa wake wa kusahihisha kila kauli. Asubuhi hiyo Vendelín alikuwa na mzigo kichwani. Viongozi wa timu walikuwa wameamua kutundika darini mwa uwanja, kwa heshima, jezi ya Radovan Slivka, yule Nyundo, beki aliyecheza hoki ya kulipwa katika nchi nne na kupigana katika zote nne, na yeye Vendelín ndiye aliyeombwa kusema maneno mawili matatu siku hiyo. Lakini maneno yalikuwa yanakwama palepale wanapokwama wote. Miaka sita nyuma, katikati ya mechi kule Moravia, kwa Wacheki, Nyundo alitupa glovu chini, akatoka barafuni, akapanda treni, akarudi kwao. Hakucheza tena. Wala hakumwambia mtu sababu.

— Mi nilishawaambia, ni jino, — Betri alianza. — Alimeza jino lake la dhahabu. Sasa mtu kameza dhahabu, utamwambia akimbie? Anatakiwa atulie, mali isubiriwe. Usione vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo methali ni ya vyombo vya majini, — Vendelín alisema.

— Kwani tumboni hakuna maji?

— Na miaka sita yote anasubiri jino?

— Huyo ni mvumilivu, Kamusi. Wewe hujui watu wavumilivu.

Supu akavuta kahawa, machicha yakamganda kwenye sharubu.

— Acheni fiksi. Ni mapenzi. Pale uwanjani kulikuwa na mama mmoja anauza soseji nyuma ya goli. Nyundo kapiga kile kisahani cha mchezo, kimeruka juu, kimeingia chubwi! kwenye sufuria la soseji. Mama kamtazama. Nyundo kamtazama mama. Mechi ikaishia pale. Mficha uchi hazai!

— Sasa mbona anaishi peke yake?

— Si ndo nakwambia? Kamficha!

— Hebu niwape ukweli wenyewe niliokuwa nimeufunika, — Betri alisema, akisogea ukingoni mwa benchi. — Nyundo walikuwa wawili. Pacha. Mmoja wa kufunga magoli, mmoja wa kupiga watu.

— Ludo, Nyundo hakuwa akifunga magoli. Ukimpa goli tupu alikuwa anapiga mwamba.

— Ndiyo maana nikasema wawili! Yule wa magoli alikuwa mgonjwamgonjwa.

— Kamba hizo! — Supu naye hakukubali kupitwa. — Mimi nimesikia kwa mtu wa huko huko. Ule uwanja umejengwa juu ya kaburi la askari wa vita. Nyundo anakimbia, mara kitu kinamdaka kifundo cha mguu. Anaangalia chini, askari huyo, ndani ya barafu! Anamwambia, kijana, unanikosesha usingizi.

Bi Božena akachomoza kichwa dirishani.

— Alimwambia kwa lugha gani?

— Kijerumani.

— Radovan hajui Kijerumani hata chembe.

— Ndo maana akaondoka. Aliona kuliko kubishana na mtu msiyeelewana, bora arudi nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Vendelín alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Hata hivyo, alipokuwa anajifuta, kitu kilimchoma moyoni. Mtu yule alikuwa amekuzwa na mji huu. Yeye mwenyewe alimwona akijifunza kusimama barafuni kwa kusukuma kiti cha jikoni. Leo anaandaliwa sifa, na hakuna mwenye lolote la kusema juu yake ila soseji na maiti.

Walikuwa bado wanacheka alipofika mtu mmoja mpana wa mabega, pua imepinda kama ufunguo uliolazimishwa, amekumbatia mtungi wa asali.

— Shikamooni, wazee, — alisema kwa Kicheki.

— Marahaba, kijana. Karibu.

— Namtafuta Radovan Slivka.

Vidole vitatu vikanyooshwa kwa pamoja: jengo la manjano, ghorofa ya tatu. Betri akaongeza na rangi ya mapazia.

— Asanteni. Na anaendeleaje?

— Anapita hapa, — Supu alijibu. — Jana alikuwa na mfuko wa viazi.

— Sikuulizia viazi, mzee wangu. Yeye mwenyewe anaendeleaje? Analala? Anacheka?

Supu alimtazama Betri. Betri akamgeukia Vendelín. Bi Božena alianza kufuta dirisha ambalo halikuwa na doa. Ghorofa ya tatu, pale ng'ambo ya barabara tu, miaka sita.

— We ni nani, mwanangu? — Vendelín aliuliza taratibu.

— Naitwa Zbyněk Hora. Mimi ndiye aliyepigana naye siku ile.

Supu akasogea kumpisha kwenye benchi.

— Tulizoea kupigana, — Zbyněk aliendelea. — Timu zetu zilikuwa zinatulipa kwa kazi hiyo. Tukimaliza tunaulizana habari za wazazi. Siku ile alinipiga moja, nikaangukia kisogo. Akaniinamia: Zbyněk, amka. Nikamwambia, Rado, sioni. Giza tupu. Nikasikia glovu zake zinaanguka, basi.

— Ee Mungu wangu, — alisema Bi Božena.

— Macho yalirudi baada ya siku chache. Lakini daktari alinikataza barafu kabisa, nikaenda kwa baba mkwe kufuga nyuki. Watu wakawa wanasema tu, Hora kaumia, Hora hachezi tena. Na mimi nikawa nadhani Rado kanisusa. Wiki iliyopita ndo nimekutana na mtu wa timu yenu, kaniambia naye aliacha siku ileile. Sikulala. Anaamini nimepofuka.

— Si ungempigia simu? — Betri alinong'ona.

— Kwa simu atasikia sauti tu. Sauti hata kipofu anayo.

Vendelín aliacha glasi yake bila kuimaliza.

— Twende. Nakupeleka.

Walivuka barabara, wakapanda ngazi zilizonukia kabichi. Njia nzima Vendelín alikuwa anatafuta namna ya kumwambia huyu mgeni kwamba wao si watu wabaya, ila kila sentensi aliyoianza ilihitaji kusahihishwa, akaiacha. Alibonyeza kengele yeye mwenyewe, kisha akajibanza ukutani.

Mlango ulifunguliwa. Radovan alisimama na aproni, mwiko mkononi, nyuma yake mafuta yakilia kwenye kikaango. Macho yakatua kwenye ile pua iliyopinda. Aliinua mkono mtupu, akaupitisha polepole mbele ya uso wa mwenzake, kulia, kushoto, na macho ya Zbyněk yakaufuata, kulia, kushoto.

— Unaniona? — Radovan aliuliza.

— Nakuona, Rado, — Zbyněk alisema, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. — Umenenepa.