Soksi za Masika

Sifa kwa Yesu, ndugu zangu wa Kasese, na ninyi mliotoka Bwera asubuhi hii mkapanda gari mapema mpate kuabudu nasi! Asifiwe tena!

Mimi naitwa Akello. Baba yangu alikuwa askari kutoka Gulu, nami nilizaliwa kambini, ndiyo maana nashuhudia kwa Kiswahili. Lhukonzo changu, lugha yenu ninyi, bado kinawachekesha mama wakwe. Mume wangu Bwambale mnamfahamu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Wiki ijayo shule zinafunguliwa. Nimeona wengi wenu jana sokoni mmebeba magodoro kichwani, nikasema moyoni, Akello, siku ya kusimama ni kesho.

Bwambale aliponioa alikuwa na mtoto wa kike, Masika. Mama yake Masika alifariki mtoto akiwa mdogo sana. Aliyemchukua ni mama yake mdogo, Kabugho, anayeuza vitenge Bwera karibu na mpaka. Masika alikulia kule na kusomea kule mpaka darasa la saba. Kwetu alikuja likizo, wiki moja, halafu anarudi. Kabugho alimwita Mama. Mimi aliniita Anti.

Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma! Nilizaa wana wawili wa kiume, nawapenda, lakini nilitamani binti. Na binti alikuwepo, ila wa mwingine. Nikimuuliza mume wangu Masika anakula nini, anasema, "Muulize Kabugho, yeye ndiye anamjua." Nikitaka kumnunulia gauni, "Subiri Kabugho apime." Kabugho, Kabugho! Nilikuwa naimba kwaya hapa mbele na kitambaa changu cheupe, midomo inasema haleluya, moyoni nahesabu kosa moja moja la yule mwanamke.

Basi Masika akapasi vizuri, akapata nafasi ya sekondari ya bweni kule Maliba, milimani. Mume wangu akasema mtoto ataondokea nyumbani kwetu. Nilifurahi kama aliyeitwa shuleni ni mimi! Nikasema, safari hii mama wa kumwandaa ni mimi. Tangu Novemba nilianza kukusanya. Shuka mbili za waridi, nikashona jina lake pembeni kwa uzi mwekundu. Neti ya mbu. Sahani, kikombe, sabuni, daftari, rimu ya karatasi, fagio mbili kama barua ya shule ilivyotaka. Nilisaga karanga mwenyewe. Kila kitu nilikipanga juu ya kitanda na kukitazama.

Ijumaa kabla ya shule kufunguliwa, Masika akafika kutoka Bwera. Kabugho yuko naye. Na juu ya gari, ndugu zangu, kuna sanduku la bati, jipya, la buluu, jina la mtoto limeandikwa kwa rangi nyeupe. Limejaa mpaka juu. Majirani walitoka kulitazama. "Eh, huyu mama anampenda mtoto!" Nilicheka na meno yote yakaonekana. Nikasema, "Karibu, dada." Ndani yangu kulikuwa na moto.

Nikamwonyesha vitu vyangu. Akashika shuka yangu kwa vidole viwili, akaisugua.

"Hii iko mwepesi," akasema. "Itapasuka mara moja. Acha tu, dada. Miye nimeshaweka yote ya mutoto."

Nilikunja shuka zangu. Siku mbili nzima nilimpikia, nikampa maji ya kuoga ya moto, na sikuweza kumwangalia usoni.

Jumapili baada ya ibada Kabugho akarudi Bwera. Masika alimlilia kwenye kituo cha magari mpaka watu wakageuka. Alipofika nyumbani nikamtuma akanyolewe, maana shule haitaki nywele. Akaenda. Mume wangu alikuwa zamuni. Nikafunga mlango wa chumba.

Nililifungua lile sanduku, nikatoa kila kitu. Kila kitu alichoweka Kabugho! Shuka, taulo, sabuni, ndizi za kukaanga alizofunga kwenye karatasi, na soksi, jozi nne zimeviringishwa kama mipira. Jozi moja ilikuwa nzito kidogo. Nikadhani ameficha peremende. Sikuifungua hata kuangalia. Yote nikayatia kwenye gunia, gunia nikalisukuma chini ya kitanda changu. Halafu nikaweka vyangu. Vikaingia vizuri, vikapendeza. Nikafunga kufuli. Mtoto aliporudi kichwa kinang'aa, nikampa ufunguo kwa mkono wangu. Jioni ile niliimba nikipika.

Jumatatu tukapanda Maliba. Pale shuleni matroni wa bweni anakagua masanduku kwenye baraza, wazazi wote wanaona. Alipofungua letu akasema, "Nani amepanga vizuri hivi?"

"Mimi," nikasema. "Mama yake."

Masika aliinama. Akaingiza mikono mpaka chini ya sanduku, akapapasa kila pembe. Akachukua soksi nilizonunua mimi, jozi mbili, akazifungua, akazifunga. Kisha akaniangalia. Ndugu zangu, macho yale! Nilielewa kwamba ameona vitu vya Bwera havipo. Niliona anaumia, na nikafurahi. Nasema mbele ya Mungu, nilifurahi. Nikambusu, nikashuka mlima.

Siku ya tisa simu ikalia. Mwalimu mkuu. Masika ameanguka kwenye mstari wa uji, ameanza kutetemeka mwili mzima, amegonga kichwa kwenye ngazi ya saruji. Kifafa kimemshika mara tatu kabla ya kufika mjini. Wako hospitali.

Kifafa? Mimi sikujua kifafa chochote! Nilikimbia na kandambili. Nikamkuta kitandani, kichwa kimefungwa bandeji, mdomo umevimba kwa kujiuma ulimi, haamki. Matroni alikuwa kando yake, nguo yake ina damu ya mtoto. Mume wangu akafika na vumbi la saruji usoni. Kabugho akafika kutoka Bwera, hata salamu hakutoa.

"Dawa yake iko wapi?" akauliza. "Alikuwa anameza?"

"Dawa gani?" mume wangu akasema. "Si ulisema ule ugonjwa uliisha akiwa mdogo?"

"Haukuisha. Unatulia na dawa. Niliweka ya muhula muzima, ndani ya soksi, chini kabisa; ya kumeza mpaka kufika shule nilimupa mukononi." Akamgeukia matroni. "Nyinyi mumeiba soksi za mutoto! Mumetupa dawa!"

Matroni akasimama. "Mama, mimi nilikagua sanduku mbele ya wazazi. Kulikuwa na jozi mbili tu za soksi, mpya. Haki ya Mungu."

Daktari akasema dawa ya namna ile haikatizwi ghafla, ikikatizwa kifafa kinarudi na nguvu. Mume wangu akamwambia matroni kwamba kesho atakwenda polisi. Yule mama akafunika uso. Na mimi? Jozi ile nzito ilinikaa mkononi kana kwamba nimeishika tena. Nikasema naenda nyumbani kuleta blanketi.

Ndugu zangu, nisikilizeni hapa. Nilivuta lile gunia, nikaikunjua ile jozi. Vidonge vilitoka, vimefungwa kwenye nailoni, na kikaratasi cha mwandiko wa Kabugho: asubuhi moja, jioni moja, usisahau mama yangu. Na papo hapo wazo likaja: tupa chooni. Nani atajua? Matroni atapata kesi, Kabugho ataonekana mwongo aliyeficha ugonjwa, na wewe utabaki mama mwema. Nilitoka na vile vidonge mkononi. Nilifika mpaka mlango wa choo. Nilishika komeo!

Pale ndipo Yesu alinikuta. Si hapa madhabahuni. Mlangoni pa choo, mchana, kuku wanapita! Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Niliona tu mikono ya Masika inapapasa ndani ya sanduku. Nikaelewa alikuwa anatafuta nini wakati mimi nafurahi. Nikaanguka magotini kwenye tope nikalia, "Bwana, nimemuua mtoto kwa sababu ya shuka! Niondoe huu wivu, niondoe hata kama watanifukuza!" Nililia mpaka jirani akauliza nani amekufa.

Nikabeba gunia zima mgongoni. Nilipita nalo katikati ya soko, watu wananisalimia. Nikaingia wodini nikalimwaga sakafuni mbele yao wote. Nikasema, "Matroni hana kosa. Ni mimi. Nilitoa vitu vya Kabugho niweke vyangu. Sikujua kuna dawa, lakini nilijua nafanya ubaya."

Mume wangu aliketi sakafuni kama mtu aliyepigwa. Kabugho akaja akasimama mbele yangu, akainua mkono. Nilifumba macho, ningepokea. Mkono haukushuka. Nilipofumbua nilimkuta amekamata ile nailoni, analia.

"Miye pia," akasema. "Miye pia, dada. Nesi wa Bwera aliniambia, mujulishe mama wa Kasese. Nikakataa. Nilisema mutaogopa mutoto, mutamufukuza. Lakini hiyo haiko yote. Nilitaka mutoto anihitaji miye peke yangu. Akiugua, aite miye."

Ndugu zangu, wanawake wawili tulikuwa tunamvuta mtoto mmoja, huyu huku, huyu kule, na mtoto ndiye aliyeanguka. Tulishikana pale sakafuni katikati ya mataulo na ndizi zilizooza. Matroni naye akaja akatushika, yule yule tuliyetaka kumpeleka polisi. Akaomba. Aliomba kwa Lhukonzo, nikaelewa kila neno.

Masika alifungua macho siku ya pili yake. Nilimwomba msamaha. Akasema kwa ule ulimi uliovimba, "Nilifikiri umeziona dawa ukazitupa. Nilifikiri umejua niko na kifafa na hunitaki. Ndiyo maana sikumwambia mtu."

Siku tisa mtoto wa watu alibeba neno hilo peke yake, bwenini, juu ya shuka zangu za waridi! Hakuna fimbo ambayo ingeniuma kuliko hiyo.

Nilipanda Maliba nikamwomba matroni msamaha mbele ya walimu. Masika aliporudi shuleni, tulikwenda watatu, baba yake, Kabugho na mimi, tukamweleza nesi wa shule kila kitu. Anameza dawa asubuhi na jioni bila kujificha, na Bwana amemtunza, hajaanguka tena. Mwaka huu anaingia kidato cha nne. Naomba msimpigie makofi, ataona aibu, yuko kule nyuma. Ndiye aliyeniruhusu niseme haya.

Msidhani wivu ulitoka siku moja. Mara ya kwanza Kabugho alipokuja tena na mfuko wake, nilianza tena kuhesabu makosa yake. Nilikwenda jikoni nikasema, "Yesu, unaona, umerudi tena." Nikabaki jikoni mpaka ukalegea, ndipo nikatoka na chai. Mara ya pili nilibaki kidogo tu. Sasa kuna siku nasahau kabisa kwamba niliwahi kumchukia yule mwanamke. Hiyo ndiyo nguvu ya Bwana, ndugu zangu! Mimi nilijaribu kujizuia miaka, sikuweza. Yeye aliweza! Asante, Yesu. Asante kwa mtoto aliye hai. Asante kwa mkono ambao haukushuka.

Sasa nasema na wewe mama, na wewe baba. Kuna mtu ambaye wewe na yeye mnampenda mtoto mmoja. Labda ni mke mwenzio, labda ni wifi, labda ni bibi wa Muhokya anayeitwa kwanza mtoto akiumia. Wiki hii unafunga mizigo na moyo unawaka. Usiende nao hivyo mpaka shule zifunguliwe. Mpe Yesu leo, hivi hivi ulivyo, na ubaya wako mkononi. Hatakuaibisha. Mimi nilimfikia nikiwa na tope magotini na alinipokea.

Na kama unaona haya kutembea mpaka huku mbele, usitembee. Inua mkono tu hapo ulipo. Mimi nitashuka nikufuate, na Kabugho huyu aliyekaa mstari wa pili atakuja nami.