Sikukiri, Wala Sikushindana

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyenitoa mzima katika boma la Mohoro, nikaja kukaa tena miongoni mwenu hapa Ngorongo.

Mnanijua, mimi mjane mwenye shamba la mpunga kule bondeni. Vita vya Maji Maji vilinikuta naishi ua mmoja na jirani yangu Zuhura, aliyekuwa na mimba kubwa. Kaka yake alikuwa amekunywa ile dawa ya maji iliyosemwa inazuia risasi, akaenda kupigana na Wajerumani. Asubuhi moja alirudi na wenzake, njaa imewakausha, Zuhura akawapikia wali. Walipokwisha kula wakaingia msituni.

Mara askari wakafika, chungu kingali cha moto. Zuhura alikuwa ndani, amejilaza. Mimi nilikuwa uani natwanga. Wakanifunga mikono, wakanipeleka Mohoro kwa shtaka la kuwalisha waasi.

Ndugu zangu, waliokiri walikuwa wakinyongwa. Nilikaa mahabusu nawaza. Nikisema ndiyo, nimesema uongo mbele ya Mungu na nimejitia kitanzi. Nikisema siyo, nimesema kweli, lakini swali litakalofuata ni moja: basi nani? Zuhura angekufa na mtoto tumboni. Nikamwomba Mungu anipe la kusema, maana mimi sikuwa nalo.

Nikafikishwa mbele ya Mjerumani, bwana mkubwa wa boma. Mkalimani wake, mtu wa pwani, akaniuliza, "Ulipika ama hukupika?"

Nikasema, "Sikiri, wala sishindani na shtaka."

"Mama, hapa watu husema ndiyo au siyo."

"Mwambie bwana mkubwa, adhabu yake nitaipokea. Ila asiandike kwamba nimekiri, maana sijakiri."

 Mkalimani angeweza kuyafupisha maneno yangu akasema nimekubali, na leo ningekuwa kaburini. Lakini aliyafikisha yote. Mjerumani akasema naye, kisha mkalimani akanigeukia.

"Anauliza, unajua kwamba ukisema hivyo hutajitetea tena?"

"Najua."

Mjerumani akakataa kumnyonga, kwa sababu ya chungu cha wali tu, mtu ambaye hakukiri. Akanihukumu kubeba mawe ya boma. Niliyabeba mpaka mabega yakachubuka, nami kila jioni nilimshukuru Mungu kwa maumivu, maana maiti hasikii maumivu.

Wafungwa wenzangu walinisema. Mmoja aliniambia, "Kutoshindana ni kukubali tu." Nikamjibu, "Ningekubali ningesema. Nimekubali adhabu, uongo sikuukubali."

Vita vilipopoa wakaniachia. Nikafika nyumbani nikamkuta Zuhura na binti yake mgongoni. Alilia, nami nikamwambia, "Nipe huyo mtoto nimshike."

Lakini shamba langu lilikuwa limechukuliwa. Jumbe, mkuu wa kijiji chetu, alisema nilikiri, na mwasi aliyekiri hana haki ya ardhi. Nikarudi bomani kwa miguu yangu mwenyewe. Yule mkalimani alikuwapo bado. Akamwambia bwana mkubwa mbele ya jumbe, "Mama huyu aliadhibiwa, akamaliza adhabu yake. Hakukiri. Maneno yake niliyafikisha mimi." Shamba likarudi siku ile ile.

Hapo ndipo nilipoelewa Mungu alinipa nini. Adhabu ilinipata, ikaisha. Hakuna aliyeweza kuichukua akaifanya ushahidi wa kuninyang'anya na vilivyobaki.

Sasa serikali imetangaza msamaha kwa waasi na waliowasaidia, na Zuhura mwenyewe ndiye aliyenitaka niyaseme haya. Yule pale, amekaa na mwanawe.

Basi ndugu zangu, ukibanwa kati ya uongo na roho ya mwenzio, usikate tamaa ukadhani maneno yamekwisha. Mwombe Mola akupe neno la tatu. Analo. Mimi alinipa.