Programu Isiyosema

Feri ilipong'oa nanga kutoka upande wa kisiwani kuelekea Likoni, nilikuwa nimesimama nyuma ya mwanamke kijana na mjomba wake. Kwa mazungumzo yao nilifahamu kuwa hushiriki pamoja mashindano ya magari nyikani: mjomba ndiye dereva, mpwa ndiye msoma ramani.

"Mjomba Kitsao, tuchukue programu hii inayosema," alisema yule mwanamke, akimwonyesha simu. "Ramani yake inafanya kazi hata pasipo mtandao, nawe macho yako yatabaki njiani."

"Mimi nataka ile ya mshale mkubwa, Mapenzi. Sauti siitaki."

"Hata yangu huitaki. Mwaka jana kule Taru nilipiga ukelele kushoto, wewe ukakata kulia, tukazama mchangani."

Mjomba aliyatazama maji. Nilidhani atamkemea, maana wajomba wa pwani hawakosi la kujibu.

"Sikukaidi, mwanangu," alisema mwishowe. "Injini ikinguruma sikusikii. Mshale nitauona."

Yule mpwa, Mapenzi, akaishusha simu. "Nami nimekuwa nikikuita mkaidi mbele ya jamaa wote," alisema. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Tangu lini, mjomba?"

Feri ikagusa ng'ambo, lango likashuka kwa kishindo, watu wakaanza kusukumana. Kitsao akatangulia kushuka bila kujibu, nami sikuweza kujua kama hakutaka kusema au hakulisikia swali.