Siku Shosho Alipoomba Kuona Moto

Kina mama, na nyinyi wazee wawili mliojikaza kuja, salamu tumepeana mlangoni, kwa hivyo naingia moja kwa moja. Nilikuwa mwongo. Nilidanganya karibu mwaka mzima, na nilidanganya nikiwa mwalimu wenu.

Mnakumbuka mlivyonichagua nifundishe. Mtambo wa gesi ya samadi ulijengwa hapa kwangu Mweiga, tukaomba, tukala. Nikaanza kuzunguka mpaka Othaya nikisema: samadi ukiiacha wazi inatoa hewa inayozidisha hili joto linalotuharibia mvua, ukiifungia, inakupikia chakula. Nilisema vizuri, hata mimi nilijipenda.

Halafu mvua ikakataa. Misimu miwili, jamani! Nyasi ikaisha, nikafanya kile kila mtu alifanya: nikatoa ng'ombe wangu wawili wakachungwe kando ya barabara, asubuhi mpaka jioni. Moto wa jikoni ukaanza kupungua, mwishowe ukazima kabisa. Nikafikiri mtambo umeharibika, na badala ya kuuliza nikaona aibu. Mwalimu amuulize nani?

Sasa sikieni ujanja wangu. Wageni wakija kujifunza, nilikuwa nachemsha chai mapema kwa kuni, nyuma ya zizi, naijaza kwenye chupa ya chai, halafu naweka sufuria tupu juu ya jiko la gesi. Wanakunywa, wanasifu. "Kumbe chai ya samadi haina harufu!" Nami natabasamu. Na zile kuni nilikuwa nazikata kwenye miti ile ile niliyowaambia watu wapande. Roho iliniuma, lakini niliendelea.

Siku moja likaja kundi la kina mama kutoka Giakanja, na ndani yake shosho mmoja, bibi mzee kabisa. Akamaliza chai, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nimeamini. Niko na mtamba mmoja tu. Kesho nauza, nijenge mtambo kama wako. Lakini kwanza nionyeshe moto, niende nikiwa nimeona."

Nilishika kiberiti. Ningesema gesi imeishia kwa chai, maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikamwangalia. Ati auze mtamba wake wa pekee kwa sababu ya chupa yangu? Nikakaa hapo hapo sakafuni nikalia.

"Shosho, usiuze. Hakuna moto. Hiyo chai ni ya kuni."

Nilingoja matusi, na nilistahili. Yeye akauliza tu, "Ng'ombe wako wako wapi?"

"Barabarani."

"Na mavi yao?"

"Barabarani."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Haiya! Sasa hii kitu ipike na nini? Umeinyima chakula!"

Mimi niliyefundisha vijiji vizima sikuwa nimefikiria hilo. Shosho akaomba ndoo. Wale wageni, na nguo zao nzuri za safari, wakaenda barabarani wakazoa samadi, wakaikoroga na maji, wakalisha mtambo. Mmoja wao akanionyesha jinsi ya kukata mahindi yaliyokataa kuzaa yakiwa bado mabichi, kuyakatakata na kuyashindilia kwenye mifuko hewa isiingie, ili ukame ukirudi ng'ombe wapate kula wakiwa zizini. Baada ya wiki chache niliwasha kiberiti, moto ukashika. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimeungua.

Nawashukuru kina mama wa ndoo. Namshukuru mwenyekiti wa kikundi chetu, ambaye nilimweleza kwanza, akaniambia, "Hayo utayasema wewe mwenyewe, mbele ya wote." Na nawaomba msamaha. Tena naomba kitu kimoja: mtu akija shambani kwako kujifunza, mwonyeshe na pale pameharibika. Hali hii ya hewa ni mpya kwetu sote, na mimi karibu nimpotezee mtu ng'ombe kwa kujifanya najua.

Shosho yuko hapa leo. Sitamtaja, ni yule anayecheka. Hakuuza. Mtamba wake alizaa, pesa za maziwa zikamjengea mtambo wake mwenyewe, na sasa ana samadi ya kuulisha.

Chai bado sijapika, mnaona hakuna chupa mezani. Shosho, kiberiti hiki hapa. Njoo uwashe wewe.